Bao la Kisiwandui, Sataranji ya Reykjavik

Jioni ya tarehe 7 Aprili 1972, Mzee Abeid Amani Karume alikuwa Kisiwandui, Unguja, kwenye makao makuu ya Chama cha Afro-Shirazi, akicheza bao. Watu wenye silaha waliingia wakampiga risasi, na Zanzibar ikapoteza rais wake wa kwanza. Miezi mitatu baadaye, Julai ya mwaka huohuo, Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Umoja wa Kisovieti walikaa meza moja mjini Reykjavik, Iceland, kugombea ubingwa wa dunia wa sataranji.

Matukio haya mawili hayahusiani. Nimeyaweka pamoja kwa sababu michezo ya Reykjavik ninayo yote kwenye simu yangu, hatua kwa hatua. Naweza kukuonyesha mchezo wa kwanza, hatua ya 29, Fischer alipomla askari wa pembeni kwa askofu wake, askofu yule akanaswa asiweze kutoka, na mchezo ukapotea. Zaidi ya nusu karne imepita na watu bado wanabishana kama lilikuwa kosa la uchovu au kiburi cha mtu aliyekataa sare. Naweza kukuonyesha mchezo wa sita, ambao Fischer aliuanza kwa namna ambayo karibu kamwe hakuitumia, akacheza vizuri kiasi kwamba Spassky mwenyewe alipiga makofi pamoja na watazamaji. Lakini bao la Kisiwandui? Nyumba ya nani ilikuwa bado imesimama? Zamu ilikuwa ya nani? Simulizi nilizosoma za jioni ile zina bunduki, zina majina, zina kesi iliyofuata. Kete hazimo.

Mimi ni mtu wa Moa, pwani ya kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Ni kijiji cha mikoko na ngarawa, na hadi leo alasiri ya Moa ina sauti mbili: bahari, na kete zinazodondoka ndani ya ubao. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa bao. Hili nimeambiwa na kila mtu aliyemzidi umri mama yangu. Nimeambiwa pia kwamba watu walivuka kutoka Vanga, upande wa Kenya, kuja kumjaribu, na kwamba hakupenda kuvunja nyumba yake mapema. Basi. Huo ndio urithi wote. Ninaujua mchezo aliocheza Mmarekani Paul Morphy kwenye jumba la opera mjini Paris mwaka 1858 kuliko ninavyolijua bao lolote la mtu aliyenibeba mgongoni.

Nilijifunza sataranji nikiwa chuoni, kwa simu, usiku, kama wengi wa rika langu. Na kilichonivuta hakikuwa kushinda, maana sishindi sana. Kilichonivuta ni kwamba wafu wanaendelea kucheza. Unafungua mchezo ule wa Morphy na unakaa kwenye kiti chake. Wapinzani wake walikuwa wawili, mtawala mmoja wa zamani wa Ujerumani na kabaila mmoja, wakishauriana kila hatua. Morphy alikuwa na miaka 21. Kila hatua yake inamtoa askari mpya vitani, wakati ngome moja ya wapinzani na askofu wao mmoja hawakuondoka nyumbani kwao hadi mwisho. Hatua ya 16 anamtoa malkia wake bure. Hatua ya 17 ngome inashuka na mfalme amekwisha. Kilichobaki kwa Morphy cha kushambulia ni ngome moja na askofu mmoja, navyo vimetosha. Mara ya kwanza nilipoufuata mchezo ule nilisimama, nikazunguka chumba kizima.

Na tabia hii ya kuandika ni ya zamani kuliko Ulaya ya sataranji. Karne ya 10, Baghdad, kulikuwa na bingwa akiitwa as-Suli, aliyemshinda mchezaji kipenzi cha khalifa al-Muktafi mbele ya khalifa mwenyewe. As-Suli aliandika vitabu vya mchezo huo, na akaacha fumbo moja ambalo alijigamba kwamba wachache mno wangelifumbua. Lilikaa takriban miaka elfu, hadi grandmasta Yuri Averbakh wa Urusi alipolipatia jibu katika miaka ya 1980. Hebu fikiria: mtu anauliza swali Baghdad, anajibiwa Moscow, na katikati milki ngapi zimeinuka na kuanguka.

Mmoja wa waliotuachia habari za as-Suli ni al-Masudi, msafiri na mwanahistoria. Al-Masudi huyohuyo alisafiri kwenye pwani yetu. Mwaka 916 alirudi Oman akitokea Qanbalu, kisiwa ambacho wanahistoria wengi wanakiweka Pemba. Ukisimama Moa ukatazama mashariki, Pemba iko ng'ambo ya mkondo. Kwa hiyo mtu aliyejua vizuri namna ya kumsifu mchezaji akabaki katika maandishi alipita mbele ya mlango wetu zaidi ya miaka 1100 iliyopita. Aliandika juu ya pembe za ndovu, zinavyokwenda Oman na kutoka huko hadi India na China. Habari za bao sijakutana nazo humo. Pengine hakuketi barazani, au aliketi akaona ni watu wazima wanapoteza muda, kama mama yangu anavyowaona.

Kwa wasomaji ambao bao kwao ni picha tu kwenye fulana za watalii, niseme kidogo. Bao la kiswahili lina mashimo 32, mistari minne ya mashimo manane, na kete 64. Zamani na hata sasa kete bora ni komwe, mbegu ngumu za rangi ya kijivu. Kila mchezaji ana mistari miwili. Mchezo unaanza na kete kumi tu za kila upande zikiwa ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya shimo moja linaloitwa nyumba, na nyingine 22 zikiwa mkononi kama akiba. Nyumba hizo mbili haziangaliani. Kipindi cha kuingiza kete moja moja kutoka kwenye akiba ndicho kunamua. Zikiisha, mnaingia kwenye mtaji, ambako unacheza na kilichopo tu.

Linaloniduwaza kila ninapolieleza ni hili: mpinzani hali kete za mstari wako wa nyuma. Ziko salama huko. Lakini mstari wako wa mbele ukiwa mtupu umefungwa, hata kama nyuma umejaza kete thelathini. Mwoga anayeficha mali nyuma anakufa tajiri. Katika sataranji mtu anaweza kujifungia na mfalme wake pembeni, akasubiri saa nzima mwenzake akosee. Bao halikuruhusu. Lazima kitu chako kiwe mbele, mahali kinapoweza kuliwa.

Na nyumba ni malkia wetu, ila ni malkia wa namna nyingine. Katika kunamua unaruhusiwa kuiacha itulie, inanenepa kila kete inapopita. Ikitokea ukila, kisha kete yako ya mwisho ikadondoka ndani yake pasipo cha kula mbele, unachagua: kulala hapo, au kusafiri, yaani kuichota yote na kuisambaza ubaoni. Ukisafiri hurudi nyuma. Morphy alimtoa malkia akijua kwa hakika hatua inayofuata. Fundi wa bao anayesafirisha nyumba ya kete kumi na tano anapaswa kuona kete ya mwisho itaangukia wapi, itakula nini, itaanzia kichwa kipi, na itaangukia wapi tena, wakati kila mdondoko umebadilisha ubao wote. Ndiyo maana nasema, bila kuomba radhi kwa marafiki zangu wa sataranji, kwamba hesabu ya zamu moja ya bao inaweza kuwa ngumu kuliko hatua tano za mchezo wao. Watafiti wa Uholanzi waliochunguza bao kwa kompyuta walionyesha hata kwamba zipo hali ambazo zamu moja haiishi kamwe: kete zinazunguka, na zinazunguka, na hailali. Nilipomweleza mzee mmoja wa Moa habari hii alisema wameyachelewa hayo. Yeye ana ndugu wa mke anayeongea hivyo.

Sasa kwa nini hakuna aliyeandika?

Jibu nililokuwa nalo kwa muda mrefu ni kwamba bao haliandikiki. Hatua ya sataranji ni kitu kimoja kimetoka hapa kimekwenda pale. Unaweza kuiandika kwa herufi na tarakimu mbili tatu. Zamu ya bao inaweza kugusa mashimo kumi na mengine tena mara mbili, na mikono ya fundi ina kasi kiasi kwamba mgeni huona vumbi tu. Nani angeweza kufuata na kalamu?

Jibu hilo si kweli, na nililigundua likiwa tayari limeshagunduliwa. Mholanzi Alexander de Voogt alikaa na mafundi wa bao Zanzibar, akaandika juu ya umahiri wao tasnifu iliyotoka Leiden mwaka 1995. Ukishapata namna ya kuyapa mashimo majina unaona jambo la ajabu: bao linaandikika kirahisi karibu kuliko sataranji. Shimo lipi, upande upi, kushoto au kulia. Na pale panapohusika, umelala au umesafiri. Yaliyobaki yote yanajiendesha, kwa sababu kanuni haziachi chaguo jingine. Zamu iliyozungusha kete arobaini inatosha kwenye alama mbili. Babu yangu na wenzake wangeweza kuacha mabao yao kwenye daftari la shule la senti chache. Waliokuwa wanajua kuandika, wengi kwa herufi za Kiarabu, walikuwepo barazani kila siku. Tungo waliziandika. Mikataba ya mashamba waliiandika. Bao hawakuliandika.

Kaskazini ya Moa kuna Jasini. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck walipigana pale na jeshi la Waingereza, sehemu kubwa wakiwa askari kutoka India. Kanali Raghbir Singh wa Kashmir aliuawa pale. Lettow alipigwa risasi mkononi, akashinda, na akaona kwamba ushindi wa namna ile ungemmaliza: maofisa na risasi alizopoteza hazikuwa na wa kuzirudisha. Baada ya Jasini alikwepa mapigano makubwa ya uso kwa uso, akawa mtu wa kushambulia reli na kukimbia. Mchezaji yeyote anaielewa hesabu hiyo. Umekula zaidi, lakini umebaki na kidogo mno cha kuchezea. Ninachotaka kusema ni kwamba tunayajua haya kwa sababu Lettow aliandika kumbukumbu zake, na Waingereza waliandika zao. Watu wa Jasini na Moa waliokimbilia vichakani siku zile walikuwa na hesabu zao pia: nani abaki na mbuzi, nani avuke kwenda Vanga, lini kurudi. Hizo zilikuwa hatua, tena ngumu. Maandishi ninayoyafahamu yanawataja kama mandhari.

Nilianza kukasirika, nikiri. Mwaka 1950 Shirikisho la Sataranji Duniani liliwapa watu 27 cheo rasmi cha grandmasta kwa mara ya kwanza, na kila mmoja wao ana rundo la michezo iliyohifadhiwa. Msichana wa Katwe, Kampala, Phiona Mutesi, aliyetoka kwenye umaskini ambao hauhitaji kuelezwa, alipocheza Olimpiadi ya sataranji ya 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, hatua zake ziliandikwa kwa utaratibu uleule unaotumika kwa bingwa wa dunia. Hata makosa yake yamehifadhiwa, na hiyo ni heshima. Mwaka 1997 Garry Kasparov aliposhindana na kompyuta ya Deep Blue mjini New York, alikubali kushindwa katika mchezo wa pili, na mapema sana watu waliochambua hali ile wakaona alikuwa na njia ya sare. Alishindwa na mashine, kisha akashindwa tena na kumbukumbu. Lakini walau aliambiwa. Nani atamwambia babu yangu kwamba siku ile, na yule mtu wa Vanga, alikuwa na njia?

Basi likizo iliyopita nikaenda Moa na daftari.

Baraza la bao liko chini ya mwembe, karibu na njia ya kushukia pwani. Nilitoa shikamoo kwa duara zima, nikapewa kikombe cha kahawa, nikasubiri siku mbili bila kulitoa daftari, kwa sababu sikutaka kuonekana mtu wa sensa. Ukumbi wa mashindano ya sataranji ni kimya; mtu akikohoa wanamgeukia. Baraza la Moa lina kelele muda wote. Watazamaji wanahesabu kwa sauti, wanamwambia mchezaji amezeeka, wanamwonea huruma ya uongo, wanamtaja marehemu fulani ambaye angekuwa ameshamaliza. Mara mbili nilisikia jina la babu yangu likitajwa hivyo. Hakuna aliyenitazama, hawakuwa wakinifurahisha mimi.

Siku ya tatu nilimwomba ruhusa mzee aliyekuwa anashinda. Alinitazama, akasema, "Mjukuu wangu, bao likiisha limekwisha. Unaandika la nini?" Nilimweleza habari za Morphy na opera. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho. Akauliza, "Na huyo mzungu, sasa anacheza?" Nikasema alikufa zamani, mwaka 1884. "Ndiyo maana mmemwandika," akasema. "Mimi kesho nitakuja tena." Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini alisogeza kigoda nikae nyuma ya bega lake.

Niliandika bao moja zima. Mashimo niliyapa namba moja hadi nane kutoka kushoto kwa kila mchezaji, mbele na nyuma. Zamu za kunamua nilizimudu kwa shida, kalamu ikikimbizana na vidole. Walipoingia mtaji nilipotea mara moja, jirani yangu akanikanyaga mguu na kuninong'oneza shimo. Mzee alishinda akiwa na mstari wa mbele umejaa na mwenzake amebaki na kete mbili pembeni. Hamna, wakasema, wakaanza kupanga upya kabla sijafunga daftari.

Usiku ule, nyumbani kwa mama mdogo, nilijaribu kulicheza tena peke yangu kwenye mashimo niliyochora kwa mkaa sakafuni, na kokoto. Lilikwenda vizuri hadi zamu ya kumi na moja. Pale niliandika kwamba mzee amelala kwenye nyumba. Lakini akilala, zamu yake inayofuata haiwezekani. Shimo nililoandika kwamba alichezea halina kete. Nilirudia mara nne. Kokoto hazikukubali. Nililala nikijua kwamba bao la kwanza kuandikwa na mtu wa ukoo wetu nimelikosea.

Ilipita siku ya Ijumaa na Jumamosi bila mzee kuonekana. Alikuwa amekwenda Tanga hospitali kupima macho. Jumapili alasiri nilimkuta tayari ameketi, peke yake, akipangusa ubao kwa ncha ya shuka. Nilimwambia nimelikosea bao lake, sijui wapi. Alicheza mabao mengine mengi tangu siku ile asubuhi hadi magharibi, na nilidhani atacheka tu. Akaniambia nimsomee.

Nilisoma. Yeye hakugusa kete. Alikuwa ametazama pwani, akitikisa kichwa kila zamu kama mtu anayesikiliza orodha ya majina anayoyafahamu. Zamu ya tisa, ndiyo. Ya kumi, ndiyo, hapo mwenzangu alikosea, alitakiwa kwenda kulia. Nikasoma ya kumi na moja.

"Hapo sikulala," akasema. "Nilisafiri. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa."